Fundi Umeme wa Magari Bariadi
Msimu wa pamba mkoani Simiyu haumsubiri mwenye gari, na gari lililofungwa injini nyingine mara nyingi huunguruma vizuri huku taa ya chaji ikigoma kuzima. Wengi huilaumu altaneta, kifaa kinachochaji betri. Fundi umeme makini wa Bariadi haifungui kwanza. Anaweka mita kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, volti ziwe 12.6; ikiwashwa, zipande hadi 14 hivi. Zisipopanda, anafuata waya mmoja mmoja, kwani rangi za nyaya za injini iliyoletwa na za gari lenyewe hazilingani. Pengine ule mwembamba wa taa ya chaji, unaoiamsha altaneta, haukuunganishwa. Pengine waya wa ethi umefungwa juu ya rangi na kutu. Anakwangua chuma mpaka king'ae, anakaza nati, anapima tena taa kubwa zikiwaka. Watu watasema mafundi hawa hukata na kuunga ovyo. Wapo wa namna hiyo, na magari yameungua kwa ajili hiyo. Lakini uzembe wao haufuti kazi ya huyu aliyelala chini ya gari juani, kisha akalipwa kidogo kwa sababu tu hakuuza kifaa, ilhali altaneta ileile iliyotaka kutupwa ndiyo inayolifikisha gari Lamadi.