Portia Alisema "Fair". Sisi Tuandike Nini?

Katika The Merchant of Venice, tendo la pili, onyesho la kwanza, Mwanamfalme wa Moroko anafika Belmont kumposa Portia. Kabla hata ya salamu kuisha anamwomba asimchukie kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Portia anamjibu kwa adabu zote. Kama si wasia wa marehemu baba yake, unaomlazimisha aolewe na yule atakayechagua kasha sahihi kati ya matatu, basi mgeni huyu angekuwa "fair" kwake sawasawa na mposaji mwingine yeyote aliyewahi kumwona.

Mgeni anashukuru. Mimi kila nikifika hapo hucheka, halafu raha inaniisha.

Anachosikia Mwanamfalme ni ahadi ya haki: una nafasi sawa na wenzako, rangi haihesabiki. Lakini neno hilohilo, katika Kiingereza cha wakati ule na hata cha leo, lina maana ya mzuri wa sura, na lina maana ya mweupe. Kwa hiyo Portia amemwambia mtu mweusi, usoni, kwamba yeye ni mweupe kama wengine, na mtu mweusi akasema ahsante. Tena kuna kisu cha tatu. Sisi watazamaji tulikuwepo kwenye onyesho lililotangulia. Tulimsikia Portia na Nerissa wakiwachambua waposaji wote mmoja mmoja: yule wa Napoli asiye na habari nyingine isipokuwa farasi wake, yule Mjerumani ambaye mchana ukipinda ameshalewa. Hakuna hata mmoja aliyepona. Sasa kuwa sawa na hao ni kuwa nani? Ni kuwa sifuri kwa heshima.

Baadaye Mwanamfalme anachagua kasha la dhahabu, anakosa, anaondoka. Akishatoka tu, Portia anaomba wote wenye rangi kama yake wachague hivyohivyo. Hapo hatumii "fair". Neno la adabu limeshafanya kazi yake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nimechoka na zile makala za "neno moja, maana kumi na tano", ambazo huorodhesha maana kama bei za nyanya sokoni halafu zinaaga. Neno lenye maana nyingi haliishi kwenye orodha. Linaishi kinywani mwa mtu anayejua maana zote na anamwachia msikilizaji achukue ile anayoipenda.

Hata hivyo orodha yenyewe tuipitie haraka, maana inahitajika. Kwenye Kiingereza cha kale neno hili lilianza na uzuri: kitu cha kupendeza macho. Hali ya hewa tulivu ikaitwa hivyo. Nakala safi ya maandishi, isiyo na mikwaruzo, ikaitwa hivyo. Nywele na ngozi nyeupe zikaitwa hivyo, kwa kuwa walioamua nani ni mzuri walikuwa na nywele na ngozi hizo. Mwenendo usio na upendeleo nao ukaitwa hivyo. Na kwenye ripoti za shule zetu za Kiingereza, mwalimu akikuandikia "fair" nenda nyumbani taratibu, maana yake ni wastani, chini ya vizuri na juu ya vibaya. Wakisema "fair enough" kwenye mabishano, hawajakubaliana na wewe hata kidogo. Ni ile "haya" yetu ya mtu anayevuta kiti aondoke.

Ile "fair" ya maonyesho ni mgeni mwingine kabisa, aliyefanana jina. Ilitoka Kilatini, feria, sikukuu, ikapita Kifaransa. Watu walikusanyika siku ya sikukuu, wachuuzi wakafuata watu, siku ikawa soko. Ukitaka kuona safari hiyo kwa macho yako nenda Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, mwezi wa saba. Sabasaba ilikuwa tarehe, siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Ikawa sikukuu. Sasa ukimwuliza mtoto wa Mbagala, Sabasaba ni mahali unapokwenda kununua sufuria na kula chipsi. Kiswahili kimepita njia ileile bila kumuuliza Mlatini. (Kenya neno hilohilo lilikwenda kwingine: Saba Saba yao ni maandamano ya 1990.)

Turudi kwenye ngozi.

Shakespeare alilijua neno hili lina kasoro, na alilikamua. Katika Othello, Desdemona ni "fair" tangu mwanzo hadi mwisho. Mtawala wa Venisi akitaka kumtuliza baba wa binti, anamwambia kwamba mkwewe, kwa wema wake, ana hiyo "fair" kuliko weusi. Ni sifa, ndiyo, lakini iangalieni vizuri. Ili mtu mweusi asifiwe, lazima kwanza abadilishwe rangi kwa maneno. Kipande kinachonikaa kichwani zaidi ni kingine. Othello akiteremka kutoka melini Saiprasi anamwita mkewe shujaa wake, na kivumishi anachoweka ni "fair". Haipiti hata siku mbili, Iago ameshamtia sumu, Othello anamwita shetani, na kivumishi ni kilekile. Herufi nne hazijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa uzuri na weupe ule umekuwa ushahidi wa uongo. Mfasiri akiandika "shujaa wangu mzuri" kule na "shetani mweupe" huku, kila mstari peke yake ni sahihi, lakini amekata kamba iliyounganisha pendo na mauaji.

Kuna pia soneti ya 127, kati ya zile zilizochapwa mwaka 1609, ambamo mshairi anakiri kwamba zamani weusi haukuhesabiwa kuwa uzuri, halafu anageuza kibao kwa ajili ya mwanamke wake mwenye macho meusi. Ni shairi la mapenzi, lakini pia ni ugomvi na kamusi.

Ugomvi huo haujaisha. Kampuni iliyoanza kuuza krimu ya Fair & Lovely India mwaka 1975 ilisubiri hadi 2020 ndipo ikalitoa neno la kwanza kwenye jina na kuweka Glow. Miaka 45. Na sisi tusijifanye watakatifu. Kiswahili hakikuunganisha haki na weupe katika neno moja, lakini tunasema mtu ana moyo mweupe, binti akiwa maji ya kunde anasifiwa, na mkorogo hatukuletewa na Shakespeare. Tofauti ni kwamba kwa Kiswahili, ukitaka kumsifu mtu kwa weupe wake, inabidi utamke weupe. Huna pa kujificha. Kwa Kiingereza unaweza kumsifu mtu kwa rangi, na akikuuliza, ukasema ulimaanisha tabia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolisifia neno hili kupita kiasi. Mwanaisimu Anna Wierzbicka, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu Kiingereza na utamaduni wake, alishikilia kwamba "fair" ya kutopendelea ni tunu ya Waingereza, na kwamba lugha nyingine hazina neno linalolingana nayo. Ushahidi upo: Wajerumani wamelichukua lilivyo, Wafaransa wanasema "fair-play", na vijana wetu wanasema "si fea". (Nairobi "fea" ni pia nauli. Ukimtumia mtu fea akaila na hakutokea, hiyo si fea. Kwetu Dar tunasema nauli na ya kutolea, lakini maumivu ni yaleyale.) Sawa, neno halina pacha. Lakini ukilisifia neno kwa kutokuwa na pacha, lisifie na makovu yake yote, pamoja na lile la ngozi. Pili, hebu tusiwe wepesi kusema hatuna.

Chukueni mfano wa John Rawls. Mwaka 1958 alichapisha makala maarufu, Justice as Fairness, na mwaka 1971 akaikuza kuwa kitabu, A Theory of Justice. Jaribu kutafsiri jina la ile makala. "Haki kama Haki"? Utachekwa. "Haki kama Usawa" haifai, kwa sababu Rawls anaruhusu watu wasilingane ilimradi kutolingana huko kumnufaishe aliye chini kabisa. "Uadilifu" ni tabia ya mtu, ya hakimu au ya mzee wa mtaa, ilhali Rawls anazungumzia kanuni ambazo watu wangekubaliana kabla hawajajua nani atazaliwa wapi. Nilihangaika na hilo muda mrefu, mpaka nikakumbuka neno la watu wa pwani ambalo magazeti yetu yamelisahau: insafu. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa nusu. Kufanya insafu, kwenye mzizi wake, ni kukata katikati, wewe nusu na mimi nusu, bila mkono wa anayegawa kuelemea upande wake. Haki kama Insafu. Mimi naona inasimama. Na haina rangi.

Sasa nije kwenye meza yangu ya kazi, maana neno hili silisomi vitabuni tu. Kila msimu wa uchaguzi taarifa za waangalizi zinaingia kwa Kiingereza, usiku, mhariri anataka habari ndani ya nusu saa, na ndani yake yamo yale maneno mawili, "free and fair". Vidole vinaandika vyenyewe: huru na wa haki. Hakuna anayefikiri. Lakini tazameni kilichotokea hapo katikati. "Fair" haina mwenyewe. Huwezi kusema "fair" yangu imeibwa. Ni neno la refa, la mtu aliyesimama pembeni akaona mchezo umechezwa kwa kanuni, au angalau kanuni hazikuvunjwa sana. Kumbuka ripoti ya shule. Haki ni kitu chenye mwenyewe. Ina "yangu" na "yako", inadaiwa, inadhulumiwa, inaapiwa: haki ya Mungu! Msikilizaji wa redio kule Nzega akisikia uchaguzi ulikuwa wa haki, hasikii kwamba mchezo ulikwenda vizuri. Anasikia kwamba kilichokuwa chake amepewa.

Mwangalizi ameandika hukumu nyepesi, sisi tumetangaza hukumu nzito. Kwa jina lake.

Sisemi tafsiri hiyo ifutwe. Naipenda kwa sababu ni nzito, na ningependa anayesaini taarifa zile aambiwe kwamba kwa Kiswahili anaapa. Walioandika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nadhani waliliona tatizo la neno, kwa sababu ibara ya 81(e) haikuliacha lisimame peke yake. Ililifungia mizigo mitano: kura ya siri, kusiwe na vurugu wala rushwa, chombo huru, uwazi, na usimamizi usioegemea upande, sahihi na unaowajibika. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti, majaji walio wengi waliutazama mchakato mzima, pamoja na namna matokeo yalivyosafirishwa, si foleni za asubuhi peke yake. Foleni zilikuwa "fair". Hesabu ilikuwa suala la haki.

Linabaki swali la Portia, na hapo insafu hainisaidii. Ikiwekwa kinywani mwake inamfanya mkweli kuliko alivyo.

Wanaosoma Shakespeare kwa Kiswahili wanajua kwamba Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia hii mwaka 1969, akaiita Mabepari wa Venisi. Jina hilo huchekwa, eti Azimio la Arusha limepenya mpaka Venisi. Mfanyabiashara wa Shakespeare ni mmoja, Antonio. Wa Mwalimu ni wengi, na Shylock huwezi kumtoa humo. Lakini bepari, kabla hajawa adui wa wajamaa, alikuwa mfanyabiashara tu, neno tulilopewa na wachuuzi kutoka Bara Hindi. Mwalimu alichagua neno la Kiswahili lenye sura mbili na akaacha zote mbili zionekane. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Ukikuta neno lenye sura mbili, usitafute pacha wake, tafuta neno letu lenye sura mbili zake lenyewe, hata kama hazilingani sana.

Kwa Portia mimi ningetumia nyota. Ningemfanya amwambie mgeni kwamba nyota yake ingeng'ara kwake sawa na za wote waliotangulia. Nyota ni bahati na nafasi, kwa hiyo ile ahadi ipo. Kung'ara ni uzuri, na pia ni kile tunachosema kuhusu ngozi ya mtu aliyeanza kutumia krimu. Mwanamfalme anaweza kushukuru bila kuonekana mjinga. Nerissa, aliyesimama nyuma, anaweza kuziba mdomo na kanga yake. Haki inapotea kidogo hapo, nakubali, lakini kwa Portia haki haikuwamo.