Antena Ilale Chali

Redio ya setilaiti iliwahi Afrika kabla ya Marekani. AfriStar, setilaiti ya WorldSpace, kampuni ya mzaliwa wa Ethiopia Noah Samara, ilirushwa Oktoba 1998 ikakaa juu ya Ikweta, nyuzi 21 mashariki. Matangazo yalianza mwaka uliofuata. XM ya Marekani ilikuja kusikika 2001. Kwa dereva wa lori, ambaye redio za FM za Tanga humwacha njiani, hii ilikuwa redio ya kumfuata hadi Tunduma.

Tatizo ni kwamba mitambo ya WorldSpace ilibuniwa kukaa mezani. Antena yake bapa ulitakiwa kuielekeza kwenye setilaiti na kuiacha hapo. Lori halitulii. Tena XM na mwenzake wa Marekani, Sirius, walijenga minara mijini ya kuziba mapengo. Huku kwetu hakukuwa nayo. Masafa yenyewe, kuanzia megahezi 1,467 hadi 1,492, hayapenyi bati. Antena ikiwekwa ndani juu ya dashibodi, redio inaimba lori likielekea upande mmoja tu.

Hapa jiografia ilitubeba. Ukisimama Nguvumali, Tanga, AfriStar ilikuwa magharibi, ikiinamia kaskazini kidogo, kwenye kimo cha nyuzi kama 68. Hiyo ni karibu na utosi. Antena bapa ikilazwa chali juu ya paa la kichwa cha lori, setilaiti ilikuwa nyuzi 22 tu kutoka katikati ya macho yake, na hasara ya mawimbi ilikuwa ndogo. Kona zote za barabara zinakosa maana. Sirius, ili wapate kimo kama hicho kwa wasikilizaji wa kaskazini, walilazimika kurusha setilaiti tatu kwenye njia ya mviringo uliorefuka. Sisi tulipewa bure.

Kinachobaki ni kontena. Lori likitoka Nguvumali kwenda Segera, setilaiti ilikuwa mbele. Likirudi Tanga ilikuwa nyuma, na kontena liliingia katikati. Lakini kwa kimo hicho, ukuta unaoizidi antena kwa mita 1 hutupa kivuli cha sentimita 40 hivi. Basi antena isogezwe mbele nusu mita na zaidi, mambo yameisha. Kama kichwa kina kofia ya faiba, inaweza hata kufichwa chini yake: faiba hupitisha mawimbi, na vibaka hawaioni.

Umeme nao una mtego wake. Malori mengi ni volti 24, redio nyingi ni 12. Mafundi wetu hupenda kuchomoa 12 kwenye betri moja kati ya mbili; redio inawaka, lakini betri zinachajiwa bila uwiano na moja inakufa mapema. Kibadilisha volti ni nafuu kuliko betri. Waya wa antena usikunjwe kwa nguvu mlangoni, na maungio yake yazibwe dhidi ya chumvi ya pwani.

WorldSpace iliomba kinga ya kufilisika 2008, na baadaye huduma yake ikazimika. Hata hivyo somo linabaki: GPS ya kufuatilia mizigo hufanya kazi kwenye megahezi 1,575, jirani kabisa na masafa yale. Fundi akitaka kukufungia antena ya GPS chini ya bati, mkatalie.