Kipokezi cha Harufu: Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa istilahi zinazowafikia wafasiri wa maandishi ya tiba siku hizi, imo moja ambayo kwa sura yake haina tatizo: kipokezi cha harufu. Maneno yake yamezoeleka na maana yake yaonekana wazi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba uwazi huo ni wa juujuu, na kwamba istilahi hii ikiingia katika maandishi ya dawa yaweza kumpotosha msomaji mahali ambapo kupotoka kuna hatari.

Yafaa tuanze na jambo lenyewe. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walitangaza ugunduzi wa jamii kubwa ya jeni zinazohusika na kunusa. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za protini zitokanazo na jeni hizo. Protini hukaa katika utando wa seli. Molekuli inayolingana nayo ikinasa, hubadili umbo na kupeleka habari ndani ya seli. Hili ni tawi la jamii kubwa zaidi, yaani vipokezi vinavyofungamana na protini G. Takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa duniani hufanya kazi kupitia jamii hiyo, na salbutamoli avutayo mgonjwa wa pumu ni mfano mmoja. Lakini tawi la kunusa, ambalo ni karibu nusu ya jamii nzima, halijatumiwa ila kidogo mno. Ndiyo sababu wataalamu wa famasia wameanza kuligeukia.

Neno kipokezi lenyewe twaliunga mkono. Wako wanaopendelea kipokeo, lakini umbo hilo huelekea kutaja chombo au kifaa, kama kifuniko na kizibo. Kiishio -i, kama katika mpokezi na kiongozi, hutaja mtenda. Protini hii haikai kama bakuli likingojea kujazwa. Hupokea, hugeuka, kisha hupeleka.

Kasoro imo katika neno harufu. Kwanza, kinachofika kwenye protini si harufu bali ni molekuli. Harufu hutambuliwa ubongoni. Kasoro hiyo ingeweza kuvumiliwa. Ya pili ni nzito zaidi: protini hizi hazikai puani tu. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kazi ya mojawapo katika mbegu za kiume. Mwaka 2013 nyingine ilielezwa katika figo za panya, ambamo inahusika na kurekebisha shinikizo la damu. Mwaka 2023 lilichapishwa umbo kamili la protini ya binadamu iitwayo OR51E2, ambayo hupatikana kwa wingi katika tezi ya kibofu na katika saratani ya tezi hiyo. Figo hainusi, wala tezi hainusi. Kuziita protini hizo vipokezi vya harufu ni kumlazimisha msomaji atafute harufu mahali isipokuwapo.

Mfano wa ngozi watufaa zaidi kwa kuwa unagusa mazoea ya pwani. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba Sandalore, kemikali ya viwandani inukiayo kama msandali, iliamsha protini moja ya jamii hii katika seli za ngozi zilizokuzwa maabara, na seli hizo zikaongezeka na kusogea upesi zaidi. Msomaji wa Tanga au Pangani, aliyekulia katika nyumba ambamo liwa husagwa na kupakwa usoni, akisoma kwamba kemikali yenye harufu ya msandali huamsha kipokezi cha harufu kilichomo ngozini, atahitimisha kwamba harufu ya liwa huponya majeraha. Majaribio hayo hayakusema hivyo. Kilichofanya kazi ni umbo la molekuli ya kemikali moja, na hata asiyenusa kabisa ngozi yake ingekuwa na protini ile ile.

Kasoro ya tatu inaonekana tukipanda kutoka pwani hadi Muheza na Amani, ambako utafiti wa malaria una historia ndefu. Mbu aina ya Anopheles gambiae ana jeni zipatazo 79 za kutambulia harufu, nazo humsaidia kumpata binadamu. Lakini protini za mdudu si za jamii ile ya protini G. Ni mifereji ya ioni. Kemikali ya kumvuruga mbu na dawa ya kumtibu mtu ni kazi mbili mbalimbali kwa shabaha mbili mbalimbali. Jina moja kwa zote mbili huficha tofauti hiyo.

Tutumie nini badala yake? Mnuso halifai, kwa kuwa mitaani limekwisha kuwa jina la karamu. Kinusi lingekuwa fupi, lakini masikioni mwa watu wa pwani liko karibu mno na chunusi, yule pepo wa majini asemekanaye kuwazamisha waogeleaji. Twapendekeza kipokezi cha jamii ya pua, kwa maana ya jamii iliyotambuliwa kwanza puani, kisha mahali patajwe: kipokezi cha jamii ya pua kilichomo figoni. Kwa mdudu, kipokezi cha kipapasio. Ni kweli kwamba majina haya ni marefu. Lakini urefu ni gharama ndogo kuliko upotovu.

Vilevile shabaha ya dawa isiitwe lengo la dawa. Lengo la dawa ni kuponya. Shabaha ni kile inachokigusa mwilini.

Hili si suala la makamusi peke yake. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 na kumalizika mwaka 2014, na katika kazi za namna hiyo mzazi hutakiwa aelewe maelezo kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Siku karatasi ya ridhaa itakapoandikwa kwamba dawa ya shinikizo la damu inalenga vipokezi vya harufu, mwenye kumbukumbu ya waliopotewa na uwezo wa kunusa katika janga la UVIKO-19 atakuwa na haki ya kukataa. Na atakayekubali huenda akadhani amepewa dawa ya kunusa. Ridhaa ya mmoja na kukataa kwa mwingine vyote vitakuwa vimejengwa juu ya neno lisilofaa.

Twawaomba wafasiri, walimu wa biolojia na maofisa wa afya wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee hoja zao, hasa zile za kuyapinga, kabla istilahi haijasanifiwa.