Hukumu ya Mchezo wa Maneno

Mchezo uliojengwa kwa maneno wastahili kuhukumiwa kama kitabu. Mmoja wa aina hiyo ni Zork. Watu wanne wa chuo cha MIT, Marekani, walianza kuuandika mwaka 1977, na tangu mwaka 1980 ukauzwa kwa wenye kompyuta nyumbani. Hauna picha hata moja. Kioo huonyesha maandishi tu: hapa pana nyumba nyeupe, pale pana sanduku la barua, chini ya sakafu mna giza. Mchezaji huandika amri, na mashine humjibu yaliyotokea. Akizurura gizani bila taa, huliwa na kiumbe asiyeonekana.

Sifa yake ni kumwachia msomaji kazi ya kuona. Giza lile halikuchorwa na mtu. Kila mchezaji hulijaza kwa hofu yake mwenyewe. Jambo hilo si geni kwetu. Mtega kitendawili naye hutoa maneno machache, akamwachia mteguaji kutafuta kilichofichwa.

Ila yake ni uchache wa maneno. Mashine ilifundishwa mamia machache tu. Neno lisilokuwamo hulikataa, hata likiwa sahihi. Mara nyingi mchezaji hashindwi na fumbo, bali hushindwa kubahatisha neno alilolichagua mtungaji. Hapo haipimwi akili, hupimwa subira.

Sasa, msomaji, mfikirie mwanafunzi wa Kapsoya, mjini Eldoret, atakaye kutunga mchezo kama huo kwa Kiswahili. Je, atatafsiri maneno tu? Hayatamtosha. Kiingereza hutenga kitendo na kitu, kila kimoja neno lake. Nasi husema "fungua mlango", lakini mlango ukishatajwa twasema "ufungue". Likiwa sanduku, "lifungue". Mgeni akibisha hodi, "mfungulie". Neno moja limebeba kitendo na mtendewa. Mashine yake haina budi kufundishwa kutazama ndani ya neno.

Kazi hiyo ni ngumu, lakini ina malipo. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa mlango na kwa sanduku. Kiswahili huvitofautisha kwa herufi moja au mbili. Wanafunzi wengi huziona ngeli kuwa mzigo wa mtihani. Kwa mtungaji huyu ndizo ufunguo. Basi jifunze sarufi yako, kisha utege; wenzako wapo tayari kutegua.