Roboti Amesema au Imesema?

Anayetaka kuandika Kiswahili kuhusu mashine yenye hisia hukwama kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Roboti amesema, au imesema? Wanyama tuliwafungulia mlango zamani. Hata kupe na kunguni wana a- na wa- yao. Gari halijawahi kupewa heshima hiyo, hata likikupandisha kutoka Salama hadi Nunguni usiku, mvua ikinyesha.

Swali hilo lilinikaa kichwani nikisoma Klara and the Sun, riwaya ya Kazuo Ishiguro ya mwaka 2021, huku kwetu Kilungu. Klara ni roboti anayenunuliwa dukani awe rafiki wa Josie, mtoto mgonjwa. Yeye ndiye msimulizi, kwa hivyo mtafsiri wa Kiswahili angejificha nyuma ya ni- kurasa nyingi tu. Hata "nilipokuwa mpya" haimsaliti, maana mtu ni mpya na nguo ni mpya. Lakini akimtaja na Rosa, mwenzake wa dukani, kwisha: walikuwa wapya ama zilikuwa mpya? Mimi ningeandika wapya, na sababu yangu si sarufi.

Sababu ni kwamba huyu Klara namjua. Ni yaya. Anasimama pembeni mpaka aitwe, anazisoma nyuso za wenye nyumba kabla hawajafungua mdomo, anampenda mtoto wa watu kwa moyo wote. Mtoto akikua na kujiandaa kwenda chuo, Klara anahamia stoo. Baadaye ni jaani. Vilima hivi vimetoa wasichana wengi waliokwenda Nairobi, na siku hizi Saudia, kulea watoto wa wengine. Niliozungumza nao wanakumbuka majina ya watoto wote waliowalea. Kama watoto wanawakumbuka, hiyo sijui.

Tena Ishiguro kaweka nyumbani humo Melania, mtumishi wa damu na nyama, ambaye mwanzoni hataki hata kumwona Klara. Jameni, hapo ndipo kitabu kinapouma: wawili wasio na sauti ndani ya nyumba moja, mmoja akijua mwenzake anaweza kumchukulia kazi. Natamani kurasa hizo zingekuwa nyingi zaidi.

Neno roboti lenyewe lilitoka shokoani. Mcheki Karel Čapek alilileta katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, kutoka robota, yaani kazi ya kulazimishwa. Roboti wake wanaasi na karibu wammalize binadamu. Kwetu, Katama Mkangi katika Walenisi (1995) anamtia Dzombo ndani ya chombo kilichokusudiwa kumuua, naye Dzombo anajifunza kukiendesha. Chombo kinabaki chombo. Anayeasi ni mtu.

Kwa Ishiguro haasi yeyote, na hapo ndipo ninapomlaumu. Hata kule jaani, Meneja wa duka anapompata, Klara hana neno baya. Wako watakaouita huo utakatifu. Mimi nasikia kile ambacho kila mwajiri angependa kusikia kwa msichana aliyemwachisha kazi: kwamba alitunzwa vizuri, hana kinyongo. Utaniambia ndivyo alivyoundwa. Sawa, lakini aliyemuunda ni mwandishi, na angeweza kumwachia angalau swali moja dogo, hata la mshahara.