Meno ya Jericho na Maji ya Ushago: Tasnifu ya Uzamili Inavyojengwa

Mtoto wa Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, mwenye madoa ya kahawia ya floridi kwenye meno ya mbele huenda hakuyapatia Jericho. Maji ya bomba ya Nairobi hutoka zaidi kwenye mabwawa ya nyanda za juu, kama Ndakaini na Sasumua, na floridi yake ni kidogo. Bomba likikauka, familia nyingi za Eastlands hununua maji ya mkokoteni, ambayo huenda yametoka kwenye kisima kirefu, na maji ya visima vya Nairobi mara nyingi huzidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Halafu kuna ushago, yaani kijijini. Mtoto aliyelelewa na nyanya yake Naivasha hadi umri wa kuanza shule huja mjini na meno ya ukubwani ambayo bado hayajaota, lakini yamekwisha kuumbwa ndani ya taya na kuathiriwa na maji ya huko.

Kwa hiyo mwanafunzi wa uzamili wa meno anayetaka kuandika juu ya floridi na watoto wa mtaa huu hana mada bado. Msimamizi makini atamuuliza: watoto gani, na walikunywa maji ya wapi kabla ya kufika miaka 6?

Mfano wa kujifunzia upo hapa hapa Kenya. Mwaka 1986, Firoze Manji na wenzake, akiwemo Ole Fejerskov wa Denmark, walichapisha utafiti kuhusu eneo la Kenya ambako maji ya kunywa yalikuwa na floridi ya takriban miligramu 2 kwa lita. Walipima watoto 102 tu, waliozaliwa na kukulia pale pale. Wote walikuwa na athari za floridi. Idadi ni ndogo, lakini sharti la makazi liliupa utafiti huo nguvu ambayo watoto elfu moja wenye historia zilizochanganyika wasingeupa.

Sampuli ya Jericho haiwezi kuazima asilimia 100 hiyo, maana maji na maisha ni tofauti. Asiye na makadirio ya kuaminika huchukua asilimia 50, na fomula ya kawaida, kwa ukingo wa makosa wa asilimia 5, humpa watoto 384. Wakichaguliwa kwa makundi, shule kwa shule, idadi hiyo haina budi kuongezwa, kwa kuwa watoto wa shule moja hufanana kuliko waliochaguliwa mmoja mmoja.

Kazi ngumu zaidi huja kabla ya mtoto wa kwanza wa sampuli kufungua kinywa. Kipimo cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978 huanzia 0 hadi 9, na jino sharti lisafishwe na kukaushwa kwanza. Likiwa na mate, mistari myembamba myeupe ya alama ya 1 hupotea machoni. Darasani hilo lamaanisha kiti karibu na dirisha, kioo cha meno, pamba, na subira ileile kwa mtoto wa mwisho kama kwa wa kwanza.

Hapo msimamizi anageuka kuwa sehemu ya kipimo. Tuseme yeye na mwanafunzi wanapima meno 100 yaleyale bila kuonyeshana majibu. Kila mmoja anasema meno 10 yana athari kali, lakini wanakubaliana kuhusu 6 tu kati ya hayo. Ukijumlisha na 86 ambayo wote wawili wanasema hayana, wameafikiana kwa asilimia 92. Inapendeza, lakini kwa bahati tu wangeafikiana kwa asilimia 82. Kapa, iliyobuniwa na Jacob Cohen mwaka 1960, huiondoa bahati hiyo: 10 (92 toa 82) gawanya kwa 18 (100 toa 82), yaani 0.56. Haitoshi kuingia darasani. Wakae tena na picha, wajadili kila jino lililowatenganisha, kisha wapime upya. Tasnifu inayotaja asilimia ya maafikiano na kuificha kapa inastahili kurudishwa.

Vibali ni safari nyingine: kamati ya maadili ya Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), ofisi za elimu, ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Mtoto anayekutwa na jino bovu apewe barua ya rufaa siku hiyo hiyo.

Siku ya utetezi, swali gumu litahusu maji. Mwanafunzi amepima maji ya leo, ilhali meno ya mbele ya mtoto wa miaka 13 yaliumbwa karibu mwongo mmoja uliopita. Aliyemuuliza mama kuhusu miaka ile, na akawatenga katika majedwali waliokulia Jericho na waliotoka ushago, ana la kujibu. Asiyefanya hivyo ataagizwa kuandika upya sura ya mjadala, na kufuta kila mahali aliposema maji ya Jericho ndiyo yaliyosababisha madoa.