Gemu 25 kwa 19: kumsoma John McPhee ukiwa na kikokotoo

Tuanze na matokeo: 4-6, 8-6, 7-5, 6-2. Nusu fainali ya US Open, Forest Hills, New York, Septemba 1968. Arthur Ashe amemtoa Clark Graebner. Kwenye dawati la michezo habari hiyo ingemalizwa kwa aya mbili, ukaombwa uongeze takwimu ili ukurasa ujae. John McPhee yeye aliichukua mechi hiyo hiyo akaitengenezea kitabu kizima, *Levels of the Game*, kilichotoka 1969 baada ya kuchapwa kwanza kwenye jarida la The New Yorker. Nimekisoma mara mbili mwaka huu. Mara ya pili nilikuwa na kalamu na kikokotoo, na nilipomaliza nikaona nina ugomvi nacho. Ni ugomvi wa heshima, maana ni kitabu kizuri sana, lakini ni ugomvi.

Kwa msiofuatilia tenisi, maelezo mafupi. Miaka hiyo mashindano makubwa matatu kati ya manne yalichezwa kwenye nyasi: Australia, Wimbledon na Marekani. Kwenye nyasi mpira haudundi ukapanda. Unateleza, unabaki chini, na pale Forest Hills ulikuwa na tabia ya kudunda ovyo. Kwa hiyo mchezaji mwenye akili hakutaka mpira udunde upande wake hata kidogo. Anapiga servi, anakimbia mbele kuufuata mpira wake mwenyewe, anafika karibu na wavu na kuupiga ule unaorudi ukiwa bado hewani. Hiyo ndiyo servi-na-voli. Pointi inakwisha kwa mipigo miwili, mitatu, minne. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu umeikosa.

Sasa tupige hesabu, na tutumie kile tu ambacho matokeo yenyewe yanatupa. Jumla ya gemu ni 44. Kila seti ilikuwa na idadi shufwa ya gemu, kwa hiyo kila mmoja alianzisha gemu 22. Ashe alishinda 25, Graebner 19. Kama kila mtu angelinda servi yake mwanzo mwisho, wangekuwa 22 kwa 22 (na wangekuwa bado wako uwanjani, kwa sababu taibreki ililetwa US Open mwaka 1970 tu). Kila unapovunja servi ya mwenzako, gemu moja inatoka kwake inakuja kwako. Kwa hiyo ile tofauti ya gemu sita ina maana moja: kwa mechi nzima, Ashe alimvunjia Graebner servi mara tatu zaidi ya alivyovunjiwa. Tatu basi. Seti nne, alasiri nzima, nafasi ya fainali, na katikati ya watu hawa wawili kuna gemu tatu.

Ukishuka chini zaidi, kwenye pointi moja moja, pengo linazidi kuwa jembamba. Tenisi ina hesabu ya ajabu. Mchezaji anayeshinda pointi 60 katika kila 100 akiwa anaanzisha yeye, atashinda gemu zake kama 74 katika 100. Akishinda pointi 65, gemu zinapanda hadi 83. Akifika 70, anashinda gemu 90. Yaani pointi tano tu katika mia, kitu ambacho jicho lako pale jukwaani haliwezi kukiona, zinaamua kama mtu huyu anavunjika au havunjiki. Na kuna wakati hata hizo pointi zinakudanganya. Wimbledon 2010, John Isner na Nicolas Mahut walicheza gemu 183 kwa saa 11 na dakika 5 zilizogawanywa kwa siku tatu. Mahut alishinda pointi 502, Isner 478. Aliyepita raundi ya pili ni Isner, kwa 70-68 katika seti ya tano. Mwenye pointi nyingi alirudi nyumbani.

Hapa ndipo ninapompa McPhee sifa yake ya kwanza. Alielewa kwamba karatasi ya takwimu ya mechi ya nyasi ni bubu. Inaweza kukuambia nani alipiga esi ngapi na servi ya kwanza iliingia asilimia ngapi, lakini haisemi ni kwa nini, pale 6-6 kwenye seti ya pili, mmoja alipata njia na mwingine akaikosa. Basi yeye akafanya kazi ya mwandishi wa habari: alipata filamu ya mechi, akawafuata wachezaji wote wawili, akawaonyesha, akawauliza walikuwa wanawaza nini kwenye kila pointi. Ukisoma unaona mpira unarushwa juu na Ashe, na kabla haujashuka umeshaanza kuingia kichwani mwa mtu. Graebner anasubiri ng'ambo ya wavu, na wewe unasubiri naye.

Sifa ya pili ni ya umbo, na sijaona ikisemwa vya kutosha. Kwenye servi-na-voli mpira uko hewani kwa sekunde chache tu. Muda uliobaki wote ni kusubiri: kufuta jasho, kuokota mipira, kutembea kwenda upande wa pili. McPhee anayatia maisha yao ndani ya kusubiri huko. Pointi inapigwa, tunaondoka New York, tunakwenda Richmond, Virginia, ambako baba yake Ashe anaangalia uwanja wa kuchezea wa watu weusi. Halafu tunarudishwa kwenye mstari wa nyuma, 15-30. Pointi nyingine, tunakwenda Ohio kwa akina Graebner, baba daktari wa meno, mtoto mmoja, nidhamu, kanisa. Tunarudi. Mechi ya uwanja wa udongo, yenye mipigo thelathini kwa pointi, isingekubali kuandikwa hivi. Ingemlazimisha mwandishi aufuate mpira muda wote. Nyasi zilimwachia nafasi.

Sasa ugomvi. Wazo linaloubeba mzigo wote wa kitabu ni kwamba mtu hucheza jinsi alivyo. Asili yake, malezi yake, siasa yake, vyote vinatoka kupitia raketi. Graebner ni mhafidhina, mwenye mke na watoto, na mchezo wake ni wa nguvu, umenyooka, hauna mapambo. Ashe ni kapera, huria, na mchezo wake ni wa kujaribu visivyojaribika, mpira wa ajabu leo, mpira wa nje kesho. Wachezaji wenyewe wanasomana hivyo, kila mmoja akiutafsiri mkono wa mwenzake kama kura yake. McPhee hawapingi. Anaipanga hiyo tafsiri vizuri sana hadi unaona ni kama sheria ya fizikia.

Mimi hapo nikashtuka, kwa sababu wimbo huo naujua. Kila Kombe la Dunia linapofika nasikia watangazaji wakisema timu ya Afrika ina nguvu, ina kasi, ina kipaji cha kuzaliwa. Ile ya Ulaya ina mbinu, ina mpangilio, inasoma mchezo. Mmoja amejaliwa, mwingine amefikiri. Sisemi McPhee alikuwa na nia hiyo. Kitabu kinampenda Ashe, kinamheshimu, na kinatupeleka nyuma kabisa hadi kwa mababu zake waliouzwa utumwani. Lakini ukikubali kwamba Mweusi wa Richmond anacheza kwa uhuru kwa sababu ndivyo alivyo, umeshamnyang'anya jambo moja kubwa: kwamba alichagua.

Na ushahidi kwamba alichagua upo. Mwaka huo wa 1968, Ashe alikuwa luteni wa jeshi, kituo chake West Point, na kazi aliyopewa huko ilikuwa ya kuchakata data. Hebu fikiria. Yule anayesemekana kucheza kwa hisia, mchana anakaa na tarakimu kwa mshahara wa serikali. Mtu wa namna hiyo akipiga mpira wa hatari kwenye pointi ngumu, sidhani ni hisia zimemshinda. Naona mtu aliyekwisha kujua kwamba kwenye nyasi, ukiwa unapokea servi ya Graebner, utapoteza pointi nyingi hata ukicheza kwa tahadhari. Ukishakubali kupoteza gemu karibu zote ambazo mwenzako anaanzisha, kosa la kubahatisha halikugharimu sana, na mipira miwili mitatu ya ajabu ikifuatana ndani ya gemu moja inakupa kila kitu. Unahitaji gemu tatu tu za ziada kwa alasiri nzima, hesabu ile ile tuliyoipiga hapo juu. Uhuria wa Ashe unaweza kuwa hesabu nzuri tu.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja miaka saba baadaye, na McPhee asingeweza kuujua. Fainali ya Wimbledon, Julai 1975, Ashe dhidi ya Jimmy Connors. Connors alikuwa bingwa mtetezi, kijana, na alipenda mpira uje kwa kasi ili aurudishe kwa kasi zaidi. Mchezo wa Ashe wa miaka yote, ule tuliosoma kwamba ndio roho yake, ungemlisha Connors mpaka ashibe. Ashe akauacha nyumbani. Akaupunguza mpira kasi, akaukata uteleze chini, akapeleka servi za pembeni mbali na uwanja, akamrushia lobu. 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Gemu 23 kwa 13, na ile seti moja iliyopotea ndiyo pekee ambamo Connors alipata pumzi. Ikiwa mtu hucheza jinsi alivyo, basi huyu wa 1975 alikuwa nani? Alikuwa Ashe yule yule, aliyekaa chini akafikiri.

Kinachonifurahisha ni kwamba kitabu chenyewe kinayo silaha ya kujipinga, ila hakiitumii. Iko kwenye habari za Dr. Robert Walter Johnson wa Lynchburg, daktari Mweusi aliyewafunza tenisi watoto weusi, Althea Gibson kwanza na Ashe baadaye. Dr. Johnson alijua kwamba mtoto Mweusi akienda kucheza na wazungu wa Kusini hapewi nafasi ya kulalamika hata mara moja. Kwa hiyo aliwafundisha: mpira wa mpinzani ukitua nje kidogo tu ya mstari, uchukulie umeingia, uendelee kucheza. Usibishane. Usikunje uso.

Nilisimama hapo nikaweka kikokotoo chini. Maana hesabu yote niliyoipiga inasimama juu ya dhana kwamba mstari ni mstari. Ashe alikulia kwenye uwanja ambao upande wake ulikuwa mpana kuliko wa mwenzake kwa upana wa vidole vichache, na hakuna karatasi yoyote iliyoandika pointi alizotoa bure. Zingehesabiwa kwa mpinzani kama mipigo safi. Ile sura tulivu ambayo kila mtu aliisifu, McPhee akiwemo, tukaambiwa ndiyo tabia yake, ilikuwa somo. Alifundishwa kwa sababu bila hiyo asingeruhusiwa kucheza. Ukisema ni asili yake, umeifuta kazi ya Dr. Johnson, na umewafuta pia wale waliosababisha kazi hiyo iwe ya lazima.

Kuna tarakimu nyingine za namna hiyo. Ashe alishinda ile US Open, akimfunga Tom Okker wa Uholanzi kwa seti tano kwenye fainali. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 14,000. Ashe bado alikuwa mchezaji wa ridhaa, hivyo hakuruhusiwa kuipokea. Ikaenda kwa Okker, aliyeshindwa, na bingwa akabaki na posho ya dola 20 kwa siku. Ukitaka kujua thamani ya ushindi ule kwa kuangalia nani alilipwa, utaandika kwamba Okker ndiye bingwa.

Kwa hiyo nasimama wapi? Sikubaliani na wanaosema takwimu zinaua hadithi. Kwangu zimeokoa kitu: zimenionyesha jinsi pengo lilivyokuwa dogo, na pengo dogo kiasi hicho haliwezi kubeba nadharia kubwa kuhusu roho za watu wawili. Gemu tatu zinaweza kuletwa na upepo, na mdundo mbaya wa nyasi, na uamuzi mmoja mzuri. Mwandishi anayeanza na mshindi halafu akarudi nyuma kutafuta sababu, ataipata tu, kwa sababu maisha ya mtu yana sababu za kila namna. Kama Graebner angeshinda, na alikuwa na gemu tatu tu za kujaza, nahofia tungesoma kitabu kingine chenye uhakika ule ule: nidhamu ya Ohio imeushinda ubunifu wa Richmond.

Lakini sikubaliani pia na wale wa jedwali tupu. Jedwali lisingenipa Dr. Johnson hata siku moja. Ni McPhee aliyenipa, kwa sababu alikwenda, akauliza, akaandika alichoambiwa hata pale kilipokuwa hakilingani na wazo lake. Ndiyo maana nakiita kitabu kizuri. Waandishi wengi wana nadharia. Wachache wanaacha ndani ya kurasa zao mambo yanayoweza kuiangusha.

Kisomeni, hasa nyinyi mnaoandika habari za michezo kwa Kiswahili na mmechoka na "alionyesha kiwango kizuri". Mtajifunza jinsi ya kusimamisha mpira hewani mkasimulia maisha ya mtu kabla haujashuka. Ila mkifika pale mnapoambiwa kwamba fulani anacheza hivi kwa sababu ndivyo alivyozaliwa, chukueni kalamu mhesabu gemu wenyewe. Halafu mjiulize ni mipira mingapi aliyoiona imetoka nje, akanyamaza, akaendelea kucheza.